Mzee anapoambiwa abadilishwe nyonga: Nani mwenye kauli?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyetujaalia ujana na nguvu zake, na uzee na unyonge wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Maswahaba zake na wote wenye kufuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumependa kuzungumzia jambo lililokwishaingia katika nyumba nyingi za Unguja, mjini na shamba, ingawa aghalabu husemwa kwa kunong'onezana. Mzazi aliyefikia umri mkubwa anaambiwa na daktari kwamba nyonga yake imesagika, na kwamba tiba iliyobaki ni kupasuliwa, ile ya asili iondolewe na awekewe ya bandia. Je, akubali? Na uamuzi huo ni wa nani?

Tupige mfano. Bi mkubwa wa miaka 74 anaishi orofa ya pili katika nyumba ya urithi, Mji Mkongwe. Huu ni mwaka wa nne ngazi za mbao zimekuwa mtihani kwake. Darsa ya akina mama haendi tena, maziko ya jirani anayasikia dirishani, na sala anaswali juu ya kiti. Usiku maumivu ya kinena humwamsha kabla ya alfajiri. Mwanawe mkubwa aliyeko Muscat anapiga simu akitaka apelekwe hospitali wiki hii hii. Wa pili, anayeishi naye, anaogopa mama asije akaondoka kwa miguu yake akarudishwa kwenye jeneza. Wa tatu anasema huo ni uzee, tumwachie Mungu. Wanakaa chini wakijadiliana, sauti zinapanda. Mama yuko juu, hawezi kuteremka, na hakuna aliyempandia kumuuliza.

Katika makala haya hatutamwamulia bi mkubwa huyo. Tunakusudia kueleza yale ambayo yeye na wanawe wanapaswa kuyajua kabla ya kuamua.

Uzee na maradhi ni vitu viwili

Kwanza tuitazame kauli ya "huo ni uzee". Imesimuliwa na Usama bin Sharik (R.A.), katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa hakuna maradhi ambayo Mwenyezi Mungu hakuyawekea dawa isipokuwa moja, nalo ni ukongwe. Wapo wanaoishika sehemu ya mwisho ya hadithi hii wakaisahau ya mwanzo. Ukongwe hauna dawa, ni kweli. Lakini si kila kinachomuuma mzee ni ukongwe. Mtoto wa jicho huwapata wazee zaidi, nasi hatusiti kuwapeleka wazee wetu wakatolewe. Nyonga iliyosagika nayo ni maradhi yenye jina, yenye sababu na yenye tiba.

Nabii Zakariya (A.S.), kama ilivyosimuliwa mwanzoni mwa Surat Maryam, alimweleza Mola wake kudhoofika kwa mifupa yake na kuenea kwa mvi kichwani mwake. Hakuufanya uzee kuwa sababu ya kunyamaza, bali alisema udhaifu wake kisha akaomba haja yake. Mzee anayesema kwamba mguu unamuuma hajatoka katika subira. Subira si kuficha maumivu mpaka watoto wasijue.

Kinachofanyika ndani ya nyonga

Nyonga ni kiungo kinachofanana na kichwa cha mchi kinachozunguka ndani ya kinu. Kichwa cha mfupa wa paja na kikombe cha nyonga vyote vimefunikwa gegedu laini, linaloviwezesha kuteleza bila kukwaruzana. Gegedu likiisha, mfupa husaga mfupa. Maumivu huhisiwa zaidi kinenani, mara nyingine hushuka hadi gotini, na ndiyo maana wapo waliochuliwa goti miaka mingi ilhali ugonjwa ulikuwa nyonga. Wapo pia wenye maumivu yanayotoka mgongoni yakadhaniwa ya nyonga. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni uchunguzi wa tabibu wa mifupa pamoja na picha ya eksirei.

Katika upasuaji, daktari hukiondoa kichwa cha mfupa kilichoharibika, akaweka shina la chuma ndani ya mfupa wa paja, juu yake tufe la chuma au kauri, na kikombe kipya chenye bitana ya plastiki ngumu. Mwishoni mwa karne ya 19, Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu kutengeneza viungo vya namna hii kwa pembe za ndovu, bidhaa ambayo zama hizo ilipita kwa wingi katika bandari yetu ya Unguja. Hakufanikiwa kwa muda mrefu. Tiba kama inavyojulikana leo ilianza mwaka 1962, John Charnley alipoifanya katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala iliyouita upasuaji huu operesheni ya karne, kwa namna ulivyowarejesha watu kwenye miguu yao.

Umri mkubwa: kizuizi au hapana?

Wengi hudhani kwamba mtu akishapita miaka 70 hakuna faida tena. Takwimu hazisemi hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika nyonga bandia 100, takriban 58 huendelea kufanya kazi hata baada ya miaka 25. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa waliowekewa wakiwa wamepita miaka 70, ni kama 5 tu katika 100 watakaohitaji kurudiwa upasuaji katika uhai wao. Mwenye miaka 50 ndiye anayepaswa kufikiri zaidi kuhusu kurudiwa. Na mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Denmark wa watu 109 wenye miaka 50 na zaidi waliokuwa na nyonga zilizosagika vibaya. Baada ya miezi 6, waliopasuliwa walipata nafuu kubwa kuliko waliofanyishwa mazoezi peke yake.

Hata hivyo, tusiuze upande mmoja wa sarafu. Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri, wanaofariki ndani ya miezi mitatu ya upasuaji huu ni pungufu ya mmoja katika 100, lakini wapo. Takriban mmoja katika 100 hupata uambukizo ndani ya kiungo, nao ni mzito kuutibu. Damu huweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Tufe huweza kuchomoka katika kikombe chake. Na mmoja katika kumi, au zaidi kidogo, hubaki na maumivu ya muda mrefu hata upasuaji ukienda sawa. Hatari huzidi kwa mwenye moyo dhaifu, kisukari kisichodhibitiwa, au kidonda na meno mabovu yenye usaha, kwani vijidudu husafiri kwa damu hadi kwenye chuma kipya. Basi, si hesabu ya miaka tu inayoamua. Mtu wa miaka 80 mwenye moyo mzima aweza kuwa salama zaidi kuliko wa miaka 62 ambaye sukari yake haijashuka.

Tutofautishe pia nyonga iliyosagika na nyonga iliyovunjika. Mzee akianguka bafuni akashindwa kusimama, mguu ukaonekana mfupi na umepinda kwa nje, hapo hakuna mjadala wa miezi. Akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumlaza kitandani akichuliwa mafuta hukaribisha vichomi, vidonda vya mgongo na kuganda kwa damu, na wengi wamepotea kwa njia hiyo.

Sharia inasemaje?

Kuhusu kiungo cha bandia chenyewe, tunayo hadithi ya Arfaja bin As'ad (R.A.), iliyopokelewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Alipoteza pua yake katika vita vya Kulab zama za jahiliya, akajiwekea pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa asili haikuruhusiwa kwa wanaume. Wanachuoni wameichukua hadithi hii kuwa msingi wa kuruhusu kiungo cha bandia kwa mwenye haja nacho.

Kuhusu kujitibu, Imamu Nawawi wa madhehebu yetu ya Shafi amesema katika Al-Majmu kwamba ni jambo linalopendekezwa. Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwezi wa Mei 1992, lilifafanua kwamba tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kupotea nafsi au kiungo, au kulemaa. Huwa sunna kuiacha kunapodhoofisha mwili tu. Huwa mubaha katika hali nyingine, na huwa makuruhu inapohofiwa kuleta madhara makubwa kuliko maradhi yenyewe. Nyonga ya mzee mmoja yaweza kuangukia daraja moja, na ya mwingine daraja nyingine. Kwa ajili hiyo hatuthubutu kutoa hukumu moja kwa wazee wote. Mwenye shaka aende na maelezo ya daktari wake kwa sheikh anayemwamini au Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001.

Kikao hicho cha Jeddah kilishurutisha pia idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu. Hapa ndipo tunapowarejea watoto wale waliokaa chini. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, iliyosimuliwa na Ibn Abbas (R.A.). Alimwendea Mtume (S.A.W.) akataka aombewe. Mtume akamweka katika hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke mwili anapoanguka, naye Mtume akamwombea hilo. Wanachuoni hutoa katika hadithi hii ushahidi kwamba kuacha tiba huweza kuruhusika. Sisi tungependa msomaji azingatie pia kwamba mwanamke yule aliulizwa. Aliyekuwa na haki ya kuwaamulia watu alimwachia mwenye maradhi achague mwenyewe, kisha akaliheshimu chaguo lake na akamsaidia katika lile lililomtia haya.

Khofu ya kusujudu

Wazee wengi wana khofu ambayo hawaisemi kwa daktari: "Nikiwekewa chuma, sitasujudu tena." Khofu hiyo ni ya heshima, na ijibiwe kwa ukweli. Majuma ya mwanzo, kwa kawaida kati ya 6 na 12, mgonjwa hukatazwa mara nyingi kuikunja nyonga kupita pembe ya mraba. Kwa wakati huo ataswali amesimama kadiri awezavyo na kuketi juu ya kiti kirefu. Baada ya hapo wengi hurudi kusujudu, na wengine hushauriwa wasijaribu, kwa kutegemea njia aliyopitia mpasuaji na uimara wa kiungo. Basi swali hili liulizwe kabla ya upasuaji, na daktari aelezwe wazi kwamba kwetu sisi kuinama na kusujudu ni kazi ya kila siku.

Na iwapo jibu litakuwa hapana, Imran bin Huswain (R.A.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alielekezwa na Mtume (S.A.W.) aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Na katika Bukhari tunafundishwa kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Bi mkubwa wetu, aliyekwisha miaka minne juu ya kiti, hana sijda ya kupoteza kwa upasuaji huo. Huenda akairejesha.

Udhu nao haubatiliki kwa jeraha la nyonga, kwani nyonga si kiungo cha udhu. Taabu ni kuifikia miguu, na hapo mtu amsaidie. Mughira bin Shuuba (R.A.) alimmiminia Mtume (S.A.W.) maji akitawadha. Josho la wajibu ndilo linalohitaji kumuuliza sheikh hadi jeraha lifunge.

Liko jambo jingine lisilojulikana na wengi. Baada ya upasuaji, mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Sindano za jamii ya heparini zinazotumika sana hutokana na utumbo wa nguruwe. Zipo dawa mbadala, za vidonge na za sindano zilizotengenezwa maabara. Mgonjwa amuulize daktari mapema kama zamfaa. Ikiwa mbadala haupatikani na hatari ni ya kweli, mlango wa dharura unajulikana katika sharia, wala asiiache dawa kimya kimya. Kuhusu sitara, mama ana haki ya kuomba muuguzi wa kike na kufunikwa mwili wote isipokuwa sehemu ya kazi. Mpasuaji akiwa mwanamume kwa kukosekana mwanamke mwenye ujuzi huo, haja hiyo inaruhusu.

Safari, fedha na nyumba

Familia ianzie Mnazi Mmoja au hospitali ya Lumumba iliyofunguliwa mwaka 2023, iulize kipi kinapatikana hapa hapa. Wengi wetu tumezoea kuvuka hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mpasuaji aulizwe bila ya haya: umefanya upasuaji huu mara ngapi, wagonjwa wako wanaendeleaje, nani atanifanyisha mazoezi nikirudi Unguja, na lini nitaruhusiwa kukaa botini takriban saa mbili?

Gharama ziwekwe wazi: kiungo chenyewe, kitanda, nauli, malazi ya mwangalizi na mazoezi ya baadaye. Aliye mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, aulize unalipia nini. Pensheni Jamii ya wazee waliofikia miaka 70 ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hata baada ya kuongezwa haiwezi kubeba mzigo kama huu. Watoto wachangiane kwa kadiri ya uwezo wao, wala aliyeko ughaibuni asiifanye fedha yake kuwa kura ya mwisho. Mkopo wa riba tuuepuke. Mzee fakiri asiye na wa kumsaidia ni miongoni mwa wanaostahiki zaka.

Kisha nyumba. Mgonjwa husimamishwa siku ile ile au ya pili yake, lakini kupona sawasawa huchukua miezi. Ngazi za Mji Mkongwe si za mtu mwenye magongo mawili. Chumba cha chini kitayarishwe kabla ya safari. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe. Choo kiwe cha kukalia, tena kilichoinuliwa. Baraza la chini na kiti cha mbuzi cha kukunia nazi visikaliwe hadi daktari aruhusu. Kabla ya kuondoka mzee aandike wasia wake, aeleze madeni na amana zake, na aswali istikhara. Hayo ni mambo ya Muislamu kila siku, hayana ndege mbaya ndani yake.

Akisema hapana

Mzee akishaelezwa yote haya akasema maumivu yake anayaweza, na kwamba hataki kisu, basi hajamuasi Mola wake wala hajawadharau wanawe. Yapo ya kufanya. Apunguze uzito kama umezidi, afanye mazoezi mepesi, na ashike bakora kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa upande wa mguu unaouma kama wengi wanavyokosea. Asione haya kuishika, kwani Nabii Musa (A.S.) alipoulizwa na Mola wake kuhusu fimbo yake alitaja kwanza kwamba huiegemea. Aepuke kumeza diklofenaki kila siku bila ya daktari, kwani huumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Na mlango usifungwe. Mwaka ujao akibadili rai, asiambiwe kwamba tulikwambia.

Ndugu zetu, katika Surat Israa Mwenyezi Mungu ametukataza hata kuguna mbele ya wazazi waliofikia uzee. Kumwamulia mzazi nyuma ya mgongo wake, kumpeleka bila ridhaa au kumzuia kwa sababu sisi ndio wenye khofu, ni zaidi ya kuguna. Watoto wale watatu wapande ngazi. Wakae chini ya miguu ya mama yao, wamwambie alilosema daktari lote, jema na baya, kisha wamuulize: "Mama, mguu huu unautakia nini?" Pengine atasema anataka kuteremka mwenyewe kwenda darsani. Pengine atasema anataka kubaki alipo, karibu na dirisha lake, na wajukuu wampandie. Majibu yote mawili yana kazi ndani yake kwa watoto, na kazi hiyo ndiyo wema tulioamrishwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wazee wetu katika miguu yao na imani yao, na atujaalie tuwe watoto wenye kusikiliza kabla ya kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq.